Gari Yetu ya Viti Viwili

Nianze na kosa langu. Watu wanaosimulia habari za Kiprugut arap Tonui huanza na bwana wake, na mimi nimechoka kusikia yule Mzungu akibebeshwa mzigo wote peke yake. Gari alinunua yeye, sikatai. Lakini aliyemtia Kiprugut maneno mdomoni ni mimi, Wanyoike, niliyekuwa dereva wa pikapu katika shamba moja la Njoro, na nilifanya hivyo kwa tamaa yangu tu.

Mwaka ulikuwa 1951. Kila Jumamosi alasiri mabwana wa mashamba waliingia klabu yao pale Nakuru, na sisi madereva tulibaki nyuma, kando ya ua wa kayaba, ile miti ya miiba, tukiyafuta magari vumbi jeupe lililopeperushwa kutoka ziwani. Ukimaliza kufuta boneti, milango imeshakuwa myeupe tena. Tulifuta hivyo hivyo, kwa sababu bwana akitoka akakuta gari chafu hakulilaumu ziwa.

Katika kundi letu hakuna aliyesema "gari ya bwana". Tulisema "gari yetu". Gari yetu imetiwa breki mpya. Gari yetu haipandi ile njia ya Solai wakati wa mvua. Sisi hatukai Nakuru jioni, tunarudi mapema. Mgeni akitusikia angedhani amekuta kikao cha matajiri. Tuliitana kwa magari pia. Ngigi, dereva wa mfanyabiashara mmoja wa mbao, alikuwa Ngigi wa Biuki, na kwa Buick ile alivimba kichwa mpaka kofia ikamkataa. Mimi nilikuwa Wanyoike wa Pikapu, na sikumbuki jina hilo kutajwa hata siku moja bila mtu kucheka. Nilijifariji kwa kuwapa watu lifti. Bwana wangu alikuwa amekataza nisipakie mtu yeyote, lakini nikimkuta mtu ninayemjua barabarani nilisimama na kumwambia, "Panda, gari yetu iko na nafasi." Maneno hayo yalinipa raha kuliko mshahara.

Kiprugut yeye tulimwita Kiprugut wa Mguu. Bwana wake alilima ngano na mahindi kule Rongai. Mwaka 1946 alianguka kutoka kwenye farasi akavunjika mguu wa kushoto, ule wa kukanyagia klachi, nao ukaunga vibaya. Tangu hapo alitembea na fimbo, tukamwita Bwana Fimbo, na hakuweza kuendesha gari hata kutoka gerejini hadi getini. Kiprugut alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka vitani Burma na cheti cha kuendesha malori ya jeshi. Akaajiriwa. Kwa miaka mitano alimwendesha yule mtu katika gari kuukuu la kabla ya vita, mwendo wa pole, akiyakwepa mashimo yote kwa sababu kila shimo bwana alilisikia kwenye goti.

"Mguu wa kushoto ya bwana ni mimi," alikuwa akisema, na hakuwa akitania.

Fahari hiyo ilikuwa na malisho ya ng'ombe ndani yake. Katika shamba lile wafanyakazi wengine hawakuruhusiwa zaidi ya ng'ombe wawili. Kiprugut aliruhusiwa wanane, na nyumba ya mawe karibu na gereji, kwa barua iliyopigwa chapa na kutiwa sahihi: maadamu ni dereva wa bwana. Barua hiyo aliikunja akaiweka pamoja na kipande chake, kile cheti cha kazi. Kwa Mkipsigis kama yeye ng'ombe wanane ndio maziwa ya mke wake Chelagat, ndio maisha ya mtoto wao Cheptanui aliyekuwa bado mgongoni, na ndio ruhusa ya kufungua mdomo mbele ya wanaume wenzake. Udereva ukiisha, barua imekufa, na ng'ombe hawana pa kulala. Sote tulilijua jambo hilo. Nalisema hapa mapema ili asitokee mtu akanitetea kwamba sikujua.

Mwanzoni mwa mwaka ule Bwana Fimbo alikwenda Ulaya kupasuliwa mguu. Baada ya miezi mitano akarudi bila fimbo. Kiprugut alimpokea stesheni ya Nakuru, akamwona akishuka ngazi za behewa kwa miguu yake miwili, na akatokwa na machozi mbele ya makuli. Kesho yake alimpelekea kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, mpaka mlango wa jikoni. Daktari alikuwa amemwambia bwana asikanyage klachi kwa miezi sita zaidi, kwa hiyo Kiprugut alirudi kwenye usukani kama kawaida. Hakuna hata mmoja wetu aliyeihesabu ile miezi sita.

Basi ikasikika kwamba Bwana Fimbo anataka gari jipya. Ubishi ukazuka mahali pawili kwa wakati mmoja. Ndani ya klabu mabwana walibishana juu ya wiski. Nje sisi tulibishana juu ya chai ya rangi. Kipsang, mhudumu wa klabu, alipeleka trei ndani na kutuletea habari nje. Alisema ndani wengi walitaka rafiki yao anunue Humber, gari zito la milango minne, linalomfaa mtu mzima mwenye mguu uliopasuliwa. Alisema vilevile kwamba wanamcheka kwa sababu ya barua zinazomjia kutoka Ulaya kila juma, zenye mwandiko wa mwanamke. Hiyo habari ya barua tuliitupa. Sisi tulitaka habari za injini.

Kiprugut alikuwa mtu wa Hamba, kama tulivyoiita. Alieleza polepole, kwa kidole, kama anayemwonyesha mtu mipaka ya shamba. Hamba ni nzito, haitupwi na upepo pale Mbaruk. Bwana anakaa nyuma, ananyoosha mguu, anasoma gazeti lake. Dereva anakaa mbele, na kila mtu anajua mahali pake. Leo nikiyakumbuka maneno hayo naona aibu. Alikuwa na akili kuliko sisi sote, na mimi ndiye niliyemtoa katika akili yake.

Ngigi alitaka Buick nyingine ije mjini ili apate mtu wa kuzungumza naye habari za Buick. Hoja yake ilikuwa hiyo tu, ingawa aliipamba sana.

Mimi nilikuwa na picha. Memsahibu wangu alitupa gazeti la magari kwenye pipa la jikoni, nikachana ukurasa mmoja na kuuficha ndani ya kofia. Ilikuwa Jaguar, Jagwa kwa ulimi wetu, isiyo na paa, boneti ndefu kuliko kitanda changu, taa mbili kubwa mbele, na chini ya picha kasi yake imeandikwa. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne na niliweza kuwasomea: maili mia moja na ishirini kwa saa. Nilisoma mara tatu. Pikapu yangu ikifika arubaini ilianza kutetemeka na mimi nikaanza kuomba Mungu. Niliitaka Jagwa ile kama mtu anavyotaka mwanamke wa mtu mwingine. Nilijua haitakuja kwa bwana wangu hata dunia igeuke. Lakini ikija kwa Kiprugut itakuja kwenye ua wa kayaba kila Jumamosi, na nitaifuta, na labda siku moja nitakaa ndani.

Kwa hiyo nikaanza kumchokoza. Nilimwambia Hamba ni gari ya padre. Nilimwambia mtu aliyeendesha lori la jeshi chini ya mabomu ya Wajapani hawezi kuzeeka akibeba abiria anayesoma gazeti. Ngigi akaona mchezo ni mtamu akajiunga. Akauliza kama Hamba itauzwa pamoja na jeneza. Jumamosi tatu tulimtania hivyo. Jumamosi ya nne Kiprugut aliniomba ile picha. Akaishika kwa muda mrefu, kisha akasema kile kilichokuwa kikimsumbua.

"Iko na viti mbili tu."

Nami nikamjibu upesi, kwa sauti ya mtu anayejua. Nikaweka kidole kwenye kiti cha upande wa usukani. "Hii ya dereva." Nikakisogeza. "Hii ya bwana. Unataka ya tatu ya nini? Wewe unabebanga nani mwingine?"

Wote wakakubali. Tafadhali lielewe jambo hili, maana kila kitu kimekaa hapo. Tulikuwa madereva kumi na wawili, watu wazima, wengine walifika Burma, wengine walifika Kairo, na hapana hata mmoja aliyeona kosa katika hesabu ile. Kwetu sisi gari lolote duniani kiti chake cha kwanza ni cha dereva. Baada ya hapo ndipo unaanza kuwahesabia wengine. Kwamba mtu anaweza kununua gari ghali kuliko nyumba ili aliendeshe mwenyewe, kwa raha yake, na upepo umpige usoni, wazo hilo halikuwa na mlango wa kutuingilia. Tulidhani kuendesha ni kazi.

Jumamosi iyo hiyo Bwana Fimbo alitoka klabuni akiwa amechangamka, uso mwekundu, nyuma yake marafiki wawili bado wanabishana. Akamwita Kiprugut mbele yetu sote. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwao.

"Kiprugut, kila mutu nasema Hamba. Wewe nasema nini?"

Kiprugut alinitazama mimi kwanza. Kisha akavua kofia.

"Jagwa, bwana. Ile ya viti mbili." Halafu akatafuta Kiswahili cha bwana ili aeleweke vizuri. "Sisi mbili, natosha."

Bwana akacheka kwa furaha kubwa. Akampiga bega na kuwageukia rafiki zake akawatafsiria, nao wakacheka pia. "Kweli kabisa," akasema. "Mbili natosha." Wakati huo nilidhani wanafurahia akili ya Kiprugut. Sisi nyuma ya ua tulishikana mikono kama watu walioshinda uchaguzi.

Jagwa iliagizwa. Ilichukua miezi minne kufika, kwa meli hadi Mombasa na kutoka hapo kwa treni. Katika miezi hiyo Kiprugut alikuwa mtu mwingine. Alinunua glavu nyeupe. Aliacha sigara, kwa sababu alisema gari yetu haitanuka moshi. Alikuwa na maumivu ya mgongo tangu vitani, na aliposikia kwamba viti vya Jagwa viko chini sana, Chelagat alimshonea mto mdogo wa kukalia, wa kitambaa cha kijani, umejazwa manyoya ya kondoo, na shanga nyeupe na nyekundu pembeni. Alituletea tuuone. Ngigi aliupapasa, akamrudishia kwa mikono miwili.

Siku gari lilipofika tulikuwa stesheni madereva saba, kila mmoja amemdanganya bwana wake kwa njia yake. Kiprugut alivaa kaki mpya iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Aliliosha gari mwenyewe huko kwenye mabehewa ya mizigo, akaweka mto wa Chelagat kwenye kiti cha kwanza, akawasha injini. Sauti ile nimeisikia mara nyingi usingizini. Akaliendesha kutoka uwanja wa mizigo hadi mbele ya stesheni, akazunguka mti wa jakaranda, akasimama mbele yetu. Labda hatua mia mbili. Tulipiga makofi na kumwita majina yote ya sifa tuliyoyajua.

Treni ya abiria ikaingia. Bwana Fimbo, aliyekuwa akingoja ndani ya stesheni, akaenda kumpokea mwanamke wa Kizungu, kijana kuliko yeye, mwenye kitambaa cha rangi ya samawati kichwani. Ndipo nilipokumbuka zile barua. Walikuja wakiwa wameshikana mikono. Kiprugut akashuka, akasimama wima, akiushikilia mlango wa dereva kwa glavu yake nyeupe, tayari kuzunguka na kumfungulia bwana mlango wa pili. Lakini yule memsahibu alikuwa ameshaufungua mwenyewe na kuketi.

Nilimwona Kiprugut akihesabu. Midomo yake ilisogea kidogo. Alimtazama memsahibu, akatazama nyuma ya viti kama kwamba labda kiwandani wamesahau kitu, kisha akamtazama bwana akija upande wake. Bwana alidhani mlango umeshikiliwa kwa ajili yake. Akaketi juu ya mto wa Chelagat.

"Asante, Kiprugut," akasema. "Wewe nakuja na lori ya magunia."

Akakanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, mguu uliopona, na wakaondoka kuelekea njia ya Rongai. Kiprugut alibaki mkono wake ukiwa bado umeinuliwa mahali mlango ulipokuwa. Nasi tuliokuwa tukipiga makofi tulianza kukumbuka kwamba mabwana wetu wanatungoja. Tuliondoka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa tatu.

Bwana Fimbo hakuwa mkatili, na hilo linanikasirisha zaidi, kwa sababu mkatili angetupa mtu wa kumchukia. Mwisho wa mwezi alimwita Kiprugut barazani akampa karatasi ya kumsifu: mwaminifu, msafi, halewi. Akamwambia anaweza kubaki shambani kama mkamuaji, pamoja na ng'ombe wawili kama wengine, lakini nyumba ya mawe inatakiwa kwa mpishi wa memsahibu. Kiprugut akamtolea ile barua. Bwana akaisoma na kumrudishia, akasema barua imeandika dereva. Halafu, bila ubaya wowote, akamkumbusha kwamba gari walilichagua pamoja. "Wewe mwenyewe nasema, mbili natosha." Haya niliyapata kutoka kwa Chelagat. Kiprugut mwenyewe hakunisimulia. Hakuja tena kwenye ua wa kayaba; angekuja na nini?

Kazi ya kukamua aliikataa. Ng'ombe wa bwana walikuwa mia na arubaini, na alisema hawezi kuwakamua hao huku akiwatazama ng'ombe wake sita wakitolewa nje ya geti. Aliwauza wote wanane kwa haraka, kwa yeyote aliyekuja na kamba, akaamua kurudi kwa ndugu yake Sotik. Mto wa kijani haukurudishwa. Chelagat aliuulizia jikoni, akaambiwa memsahibu ameupenda, anasema ni kazi nzuri ya mkono.

Nilikutana nao asubuhi moja, karibu na Njoro, mvua ikinyunya. Kiprugut alikuwa amebeba sanduku la bati kichwani, lile lake la jeshi. Chelagat alikuwa na Cheptanui mgongoni chini ya blanketi, na kibuyu mkononi. Walikuwa wakienda stesheni ya Njoro kungoja treni, maili nne mbele, na mtoto alikuwa akikohoa. Pikapu ilikuwa tupu. Niliegesha kando na kuzima injini, kwa mazoea.

Mwaka uliotangulia, usiku ambao uchungu wa Chelagat ulikwenda vibaya, nilikuwa Rongai na mzigo wa mbegu. Ni katika pikapu hiyo hiyo nilimfikisha hospitali, na Cheptanui akazaliwa salama. Kiprugut hakulisahau. Alitua sanduku, akanisalimu kama zamani, wala hapakuwa na lawama usoni mwake. Laiti ingekuwapo.

"Wanyoike," akasema, "gari yenu inapitia stesheni? Hata kama si mimi. Chukua tu Chelagat na mtoto."

Nilitazama barabara mbele na nyuma. Hapakuwa na mtu. Lakini juma lile bwana wangu alikuwa amenionya tena kuhusu abiria, na tangu siku ile ya stesheni nilikuwa nikilala vibaya, nikiona jinsi unga wa mtu unavyomwagika kwa neno moja. Nilifikiria chumba changu. Nilifikiria mke wangu. Mdomo wangu ukafunguka na kusema maneno ambayo nilikuwa sijawahi kuyasema tangu nijue kushika usukani.

"Gari si yetu, Kiprugut."

Alinitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu baada ya kuihakiki mara ya pili. Akainama, Chelagat akamsaidia kupandisha sanduku kichwani, wakaendelea na safari. Nikawasha pikapu na kuwapita nikiwa nimeelekeza macho mbele. Nilipita stesheni, na mahali pa abiria kando yangu palikuwa wazi mpaka nyumbani.